Siku Shemeji Alipoleta Asali

Chubwi. Kimya. Chubwi-chubwi. Kimya tena.

Mpaka leo nikitulia nausikia mlio ule. Ni kibuyu cha maziwa kinasukwasukwa, ila kinachechemea. Huku kwetu Getanuwas asubuhi ina mlio wake: mwanamke amekaa chini, kanyoosha miguu, kibuyu kiko mapajani, anakisukuma na kukivuta kwa mikono miwili mpaka siagi ijitenge. Ukikaa sawa, mlio huo unakuwa kama hatua za mtu anayetembea bila haraka. Na dada yangu, kabla hajaenda chuo, ndiye aliyekuwa na mlio mzuri kuliko wote hapa nyumbani. Bibi alikuwa akisema anaweza kulala usingizi kwa mlio wa mjukuu wake.

Asubuhi hiyo dada alikuwa amerudi likizo kutoka Dodoma. Mimi nilikuwa nje nafagia zizi la ndama, nikasikia kibuyu kinakwenda kama mbuzi aliyekanyaga mwiba. Nikacheka peke yangu, nikapaza sauti:

"Wewe msomi! Chuo kimekulegeza mikono? Siagi ya namna hiyo tutaila Krismasi!"

Hakujibu. Dada yangu mimi? Huyo hakosi jibu hata akiwa anatapika. Nikaacha ufagio, nikaingia jikoni.

Alikuwa anakisukuma kibuyu kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto ameuweka tumboni kama kitu alichoazimwa. Jasho limemjaa puani, na asubuhi za kwetu zina baridi ya kukutoa machozi. Nikajua amechoka na safari. Nikaenda nyuma yake, nikamkumbatia kama tulivyozoea tangu wadogo, kidevu changu begani kwake.

Akavuta pumzi kwa meno. Hakupiga kelele, alivuta tu, kama mtu aliyeguswa na chungu cha moto. Kitenge alichojifunga shingoni kikateleza.

Sasa nitasema jambo ambalo huenda mtu wa mjini asilielewe. Bibi yetu ana alama za duara kuzunguka macho, urembo wa wasichana wa zamani, na mimi nimekua nikiziona ni nzuri. Nilipoona begani kwa dada miduara mirefu, mmoja juu ya mwingine, imevimba, mingine myeusi, mingine bado ina wekundu, jambo la kwanza lililonijia kichwani ni urembo. Nikamuuliza, kweli kabisa, bila utani:

"Umechanja? Nani kakuchanja vizuri hivi?"

Dada akanigeukia. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine, akaweka kiganja mdomoni.

"Ni waya," akasema.

"Waya gani?"

"Wa chaji ya laptop. Akiukunja mara mbili unatoka hivyo."

Nilikaa chini. Sikuamua kukaa, nilijikuta tu niko kwenye jivu.

Lazima nieleze nilikuwa nawaza nini kuhusu chuo, maana ndicho kilichonipasua. Mimi nimeishia kidato cha nne, na matokeo yalipotoka ni kama yaliniambia asante kwa kushiriki. Sikuumia sana. Nilikuwa na ndoto zangu nyingine: kuwa na saluni Katesh, yenye kioo kikubwa na redio, na kusimamia harusi ya dada nikiwa nimevaa gauni la rangi ya parachichi. Dada ndiye alisoma kwa niaba yetu sote. Nilidhani chuo ni mahali watu wanaongea taratibu. Nilidhani fimbo inaishia darasa la saba, na mwanaume akishasoma sana mkono wake unasahau njia hiyo. Hapa kijijini nimeona wanawake wakipigwa, sitaficha, na kila mara nilikuwa najiambia: huyo hajasoma. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu la kila kitu.

"Lakini si yuko mwaka wa tatu?" nikamuuliza. "Si anasomea ualimu?"

"Ndiyo. Na anafaulu."

Mwanaume mwenyewe nilikuwa namjua kwa simu. Nilimwita shemeji, yeye aliniita shem. Alikuwa akinitumia bando bila kuombwa, na picha za kuku wa kuchoma ili nitamani. Tangu mwaka uliopita dada alikuwa anakaa naye kwenye chumba alichopanga nje ya chuo, geto, kama wanavyoita wenyewe. Nyumbani tulijua, tukajifanya hatujui.

"Majirani hawasikii?" nikauliza.

"Wanasikia. Nyumba nzima ni wanafunzi." Akafunga kitenge chake upya kwa mkono mmoja na meno. "Ikianza, kila mtu anapandisha mziki. Na mimi ikiwa ni kwa jirani, napandisha wetu. Mle ndani tuko wasichana wengi wa namna hii, mdogo wangu. Asubuhi tunakutana bombani tunaazimana poda."

Nilishindwa hata kulia. Kila alichosema kilikuwa kinaingia, halafu kinakosa mahali pa kukaa.

Na Jumamosi alikuwa anakuja.

Hilo tulikuwa tunalisubiri kwa vifijo wiki nzima. Shemeji na mshenga wake walikuwa wanaleta asali. Kwetu, posa ni asali. Wageni wanaiweka katikati, wazee wa nyumba wanauliza kama kuna neno lolote, likikosekana wanaonja. Wakishaonja, basi, msichana ni wa watu. Asali iliyomezwa hairudi, ndivyo wanavyosema, na mimi sijawahi kuona ikirudi. Mwanamke akikimbia baada ya hapo, baba yake mwenyewe anamsindikiza arudi.

"Si umwambie asije!" nikasema.

"Mimi ndiye nilimwambia aje."

"Dada!"

"Alilia. Alipiga magoti mbele ya ndoo ya maji, akasema ni wivu tu, tukioana utamtoka. Tena geto ni lake. Nikimkataa, chuo kikifunguliwa nitashukia wapi na begi langu?" Akanishika mkono kwa nguvu. "Usimwambie baba. Apa. Wala mama akirudi usimwambie."

Nikaapa. Mama alikuwa Endagikot kwa mama mdogo aliyejifungua, kwa hiyo huyo hakuwa hatari. Baba nilimwogopa mwenyewe. Lakini bibi hakutajwa, na mimi moyo wangu haujui kubeba kitu peke yake, ni kama kikapu kilichotoboka. Jua lilipopanda nilimkuta bibi amekaa anaota jua ukutani, nikamweleza yote sikioni, na lile umbo la waya nikalichora mchangani.

Bibi aliutazama ule mchoro. Kisha akaufuta kwa kisigino.

"Nipe fimbo yangu," akasema. "Naenda kuomba chumvi."

Alizunguka boma hadi boma mpaka mchana, akarudi bila chumvi. Nilimwona kama mzee aliyesahau alichofuata. Nilihuzunika, nikasema ndani ya moyo: nimemwambia mtu ambaye hana la kufanya.

Jumamosi wakafika na gari la kukodi, vumbi limewafuata kutoka barabara ya lami. Shemeji akashuka. Jamani, alikuwa mzuri! Shati jeupe limepigwa pasi, viatu anavifuta kwa leso. Alimwamkia kila mtu shikamoo kwa kuinama, hata shangazi yetu mmoja ambaye hawajapishana sana umri, mpaka shangazi akaona haya. Akamshika bibi mikono yote miwili. Kisha akaniona.

"Shem! Kumbe ni mrembo hivi? Nitakuletea mchumba kutoka chuoni, asiyekunywa wala kuvuta!"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa natazama vidole vyake. Vilikuwa vidole laini, kucha safi, vidole vya kushika chaki. Nilitegemea nitaona kitu. Sijui nini, kovu, ukucha mrefu, alama fulani ambayo ingenionyesha. Hakukuwa na kitu. Hilo lilinitisha kuliko miduara ya begani.

Wanaume waliingia ndani, wakakalia vigoda. Sisi wanawake tulikaa nje, ukutani, karibu na mlango, kama ilivyo desturi, tukiwasikia na kuwaona. Asali ilikuwa kwenye dumu la njano lililovishwa kitenge kipya kama mtoto anayekwenda kubatizwa. Mshenga, mjomba wake wa makamo mwenye koti zito, akaliweka katikati. Mzee wa boma la jirani, anayesemea familia yetu kwenye mambo kama hayo, akakohoa.

"Tunashukuru. Kabla hatujaonja, kuna neno lolote?"

Huwa hakuna anayejibu. Ni swali la kupita tu. Mzee alikuwa tayari ameshika kifuniko.

"Lipo," bibi akasema kutoka nje.

Baba akageuza shingo. "Mama?"

"Mjukuu wangu alikwenda Dodoma na mikono miwili. Amerudi na mmoja. Nauliza mwingine uko wapi."

Dada alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, upande wa pili wa uwanja. Aliniangalia mimi moja kwa moja, nikatazama chini.

Nilidhani shemeji atakana. Nilijiandaa kwa uongo wake, nilishaupanga na majibu. Lakini alitabasamu, akawageukia wanaume wenzake kama mtu anayewapa siri ndogo.

"Wazee wangu, sitawaficha. Tulikwaruzana. Nilimrekebisha kidogo. Ninyi mna miji yenu, mnaelewa. Yule ni mke wangu tayari, tumekaa mwaka, leo tumekuja kukamilisha tu."

Na kuna mzee alitikisa kichwa kukubali! Nilimwona kwa macho yangu. Mwingine akasema, "Hayo ni mambo ya ndani ya nyumba." Nikamtazama baba, aliyeuza ng'ombe dada asome, aliyekuwa akitembea Katesh nzima akisema "binti yangu wa chuo". Baba alikuwa anatazama miguu yake.

"Amesema mke," bibi akasema. "Mmesikia?"

"Tumesikia," sauti zikajibu.

Nikageuka. Uwanja ulikuwa umejaa wanawake. Sikuwaona wakiingia. Wamevaa sketi zao za ngozi, zile wasizozivaa kwenda sokoni, na kila mmoja ana fimbo. Ndipo nikaelewa bibi alikwenda kuomba chumvi gani.

Kwetu wanawake wana baraza lao, la tangu zamani. Msichana asiyeolewa akiumizwa, hiyo ni kesi ya baba yake, baraza halina la kusema. Lakini mke akiumizwa kupita kiasi, hapo kina mama wakisimama hakuna mwanaume anayenyanyua mdomo. Shemeji hakulijua hilo, angelijulia wapi? Alidhani neno mke ni mwavuli. Alijitoa mwenyewe mikononi mwa wanaume, ambao walikuwa wameshaanza kumwelewa, akajipeleka kwa kina mama.

Mzee msemaji alijaribu. "Mama, asali haijaonjwa. Huyu bado si mke."

"Sawa," bibi akasema, kwa upole kabisa. "Kama si mke, ni binti wa boma hili, na amepigwa na mpita njia. Basi baba yake asimame. Chagueni. Mimi ni mzee, nitakaa hapa mpaka mchague."

Macho yote yakaenda kwa baba. Aliinua uso.

"Kijana amesema mke," akasema. "Kina mama, neno ni lenu." Akalisukuma dumu la asali kwa kiganja mpaka likagusa kiatu cha mshenga.

Hapo ningependa kusema mambo yakaisha. Lakini kulikuwa na swali moja, na mama mmoja mrefu aliuliza, akimwelekea dada: "Wewe mwenyewe unasemaje?"

Kila kitu kikawa mdomoni mwa dada. Angesema alianguka, baraza lingetawanyika, asali ingemezwa, gari lingeondoka naye. Na shemeji alilijua hilo haraka kuliko sisi sote. Alitoka mpaka kizingitini, akaongea kwa sauti laini, ile ya kwenye simu:

"Mpenzi, waambie ulianguka. Waambie tulishayamaliza. Si tumeshayamaliza?"

Dada alifungua mdomo. Nikasikia mwanzo wa neno, "Nili..." Nikajua limekwisha.

Halafu akanyamaza. Akashika fundo la kitenge chake, akalifungua, akatugeuzia mgongo.

Nilikuwa nimeona bega tu. Sikuwa nimeona mgongo.

Wale wanawake walivuta pumzi kwa pamoja, ikasikika kama upepo kwenye mabua. Fimbo zikaanza kugonga chini, taratibu. Yule mama mrefu akasema adhabu: dume jeusi la ng'ombe lisilo na doa, la kina mama, na mpaka alilete, asali yake isikanyage boma lolote la huku, wala mwanamke asimpe hata maji ya kunywa.

"Dume?" shemeji akacheka, akimtafuta mtu wa kucheka naye. "Mimi mwanafunzi, dume nitalitoa wapi? Hii ni karne gani?"

"Nyamaza, kijana," mjomba wake akamwambia, ameshalibeba dumu. "Wewe huoni? Twende."

Walipita katikati ya kina mama wameinamisha vichwa. Alipofika kwangu akasimama, macho yamejaa maji, akasema polepole, "Hata wewe, shem?" Na mimi, Mungu anisaidie na moyo huu alionipa, nilimwonea huruma. Nilishangaa kuliko nilivyoshangaa siku zote hizo. Nilitaka kumfuta yale machozi. Hapo ndipo nilipoelewa, mwilini kabisa, jinsi dada alivyokaa mwaka mzima.

Jioni dada hakunisemesha. Niliweka chai, ikapoa. Mwishowe akasema, "Umenivua nguo mbele ya kijiji."

"Najua."

"Na chuo nitarudi. Usidhani nitaacha."

"Utakaa wapi?"

"Kuna msichana wa chumba cha pili, tunayekutana naye bombani. Ameniambia siku nikitoka, na yeye anatoka, tupange wawili." Akavuta kamasi. "Mjinga wewe. Nilikwambia uape."

"Uliniambia baba na mama."

Akanitazama, midomo ikataka kucheka ikakataa. Nikaona nimalizie hapo.

Upepo wa Hanang ulikuwa umeanza, mlango wa chumba chetu unajibamiza. Nikausukuma, nikafunga komeo, kach, kama ninavyofanya kila jioni.

Dada alikuwa kitandani. Kufumba na kufumbua alikuwa kwenye pembe ya ukuta, magoti kifuani, mkono mmoja umefunika kichwa. Ule mwingine ulijaribu kupanda, ukashindwa.

"Ni mimi!" nikasema. "Dada, ni mimi tu!"

Ilichukua muda mpaka macho yake yakanijua. Akarudi kitandani, akajifunika mpaka kidevuni.

"Alikuwa anaanza na komeo," akasema, kama anayeeleza habari za mtu mwingine. "Anaingia, ananisalimia vizuri, anauliza nimepika nini. Halafu anafunga komeo."

Nililifungua. Tulilala mlango ukibamizika, na sidhani kama kuna aliyepata usingizi.

Asubuhi shangazi alimchukua waende lamboni kufua. Nilisubiri mpaka sauti zao zilipopotelea bondeni. Nikachukua kisu cha jikoni, nikapiga magoti mlangoni, nikaingiza ncha kwenye skrubu. Za juu zilitoka bila shida. Ya mwisho ilikuwa imekula kutu, kisu kikawa kinateleza, kikanichana kidole. Nikakizungushia kidole kanga, nikaegemea kwa uzito wangu wote mpaka ikalia, ikazunguka. Komeo likaniangukia mkononi, zito kuliko nilivyodhani. Nikalipeleka chooni, nikalitumbukiza, nikasubiri nisikie likifika chini.

Kisha nikatafuta jiwe zuri, bapa, nikaliweka mlangoni kwa ndani, la kuzuia upepo tu.